Nilimsoma Bila Kugonga Muhuri

Kazi yangu ni masijala. Kwa asiyejua, masijala ni chumba cha ofisi ambamo barua zote huingilia na majalada yote hukaa. Chetu kipo Butiama, mwisho wa korido, na wageni hukifungua mara kwa mara wakitafuta choo. Nimekaa humo miaka mingi. Wakuu wa idara wamekuja na kuhamishwa, mimi nipo na muhuri wangu. Mtu akileta barua huja na nakala yake. Ile ya ofisi naiandika kwenye rejista, naipa namba, naiingiza kwenye jalada. Ile nakala yake naigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, naweka tarehe na sahihi, anaondoka nayo. Barua inaweza isijibiwe mpaka mwenyewe akasahau aliomba nini, lakini nakala ataitunza, maana inamwambia kwamba kuna mtu aliishika barua yake.

Nayasema haya mapema kwa sababu kosa nitakalolieleza ni kosa la masijala, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kuliona.

Ninaishi peke yangu, chumba na sebule, si mbali na soko. Mume wangu alitangulia mbele ya haki, na watoto hatukujaliwa. Nikirudi jioni nafungua kufuli, nawasha redio kabla sijavua viatu, kisha napika chakula cha mtu mmoja katika sufuria iliyonunuliwa kwa ajili ya watu wengi. Ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja tu, mdogo wangu wa kike. Tulizaliwa wawili, pale Bunda, baba akishona nguo kwenye baraza la duka la vitambaa, mama akiwa mtu wa Mugeta aliyeolewa mjini na hakuwahi kuacha kulima. Mdogo wangu alisomea uuguzi, akaenda Ujerumani kuwatunza wazee wa watu, akabaki huko.

Zamani Ijumaa ilikuwa siku yetu. Saa saba kasoro, wanaume wa ofisini wakiwa wamekwenda msikitini na waliobaki wamekwenda kula, masijala hutulia kabisa. Hapo simu yangu ingeita. "Shikamoo, dada," angesema, nami ningesema marahaba, kisha tungeanza kuwasengenya watu wote tunaowajua, walio hai na waliokufa. Yeye ndiye aliyepiga na yeye ndiye aliyeamkia. Kwetu mdogo huanza, mkubwa hupokea. Sikuwahi kufikiria kwamba inaweza kuwa vinginevyo.

Kisha mama akafariki, alfajiri moja, kule Bunda. Mdogo wangu alipiga akilia na akaniomba jambo moja tu: tumsubiri. Alikuwa amepata ndege, angefika kesho yake kabla ya magharibi. Mimi ndiye mkubwa, uamuzi ukawa wangu. Wazee wa msikitini walisema si vizuri maiti kucheleweshwa, nami nikakubali haraka kuliko walivyotarajia. Mmoja wao aliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimemuuguza mama peke yangu miezi mitano, na mahali fulani ndani yangu nilitaka aliyekuwa mbali aone matokeo ya kuwa mbali. Imenichukua miaka kulisema hilo. Baada ya sala ya alasiri tukamzika.

Alifika kesho yake kabla ya magharibi, kama alivyoahidi. Aliniuliza mbele ya wanawake waliokaa mkekani, "Dada, umeshindwa kunisubiri usiku mmoja?"

"Maiti hangoji ndege," nikamjibu.

Akaenda makaburini peke yake, akalala kwa jirani, akaondoka asubuhi bila kuniamkia. Ijumaa iliyofuata simu haikuita, wala ya baada yake. Namba yake ya zamani ikawa haipatikani. Ndugu wa Mugeta walikuwa na namba mpya, nilijua, na sikuiomba. Nilijiambia mkubwa hamwombi mdogo salamu. Huu ni mwaka wa nne.

Blogu yake niliikuta kwa sababu ya samaki. Nilikuwa nimenunua furu wakavu kwa mama mmoja wa Mugango anayepita maofisini na beseni lake. Furu ni vile visamaki vidogo vya ziwani vyenye miiba isiyo na huruma. Marehemu mama alijua kuvipika, mimi sikuwahi kujifunza, nilidhani yupo siku zote. Basi Ijumaa hiyo, chumba kimetulia, nikaandika kwenye kompyuta ya masijala: jinsi ya kupika furu wakavu. Ikaja blogu moja isiyo na picha nyingi. Mwandishi hakujitaja. Alieleza namna ya kuwaloweka na namna ya kuwakaanga kidogo kabla ya kuwaweka kwenye mchuzi, kisha akaandika kwamba mama yake hakuruhusu mtu alambe mwiko. Aliyetaka kuonja alidondoshewa tone la mchuzi mgongoni mwa mkono, "kwa dada kwanza, kisha kwangu, hata kama mimi ndiye niliyekuwa nalia njaa."

Nikautazama mgongo wa mkono wangu. Kisha nikarudi mwanzo wa blogu nikasoma yote mpaka wanaume wakarudi kutoka msikitini.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Ijumaa saa saba kasoro nilifunga mlango wa masijala na kumsoma mdogo wangu. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, nzee, na programu yake ya kufungulia kurasa ilikuwa nzee kuliko mashine. Kila nikiiwasha ilinionya kwamba imepitwa na wakati, nami kila mara nilibonyeza Baadaye. Alikuwa akiandika mara moja kwa wiki, mara chakula, mara theluji, mara bibi mmoja aliye chini ya uangalizi wake huko, ambaye humwita kwa jina la binti yake mwenyewe. Sikuwahi kuacha neno hata moja chini ya maandishi yake. Nilisoma mpaka chini, nikafunga, nikafungua mlango.

Siku moja mwenzangu wa kitengo cha TEHAMA aliingia kabla sijajifuta macho. Huyu ni mwanamke wa Musoma, wa makamo, mtu wa maneno mengi na mikono yenye uwezo. Nilimwambia ni vumbi la majalada.

"Mama, unasomaga nini humo kila Ijumaa?" akauliza.

"Matangazo ya zabuni."

Alinitazama kidogo. Sidhani aliamini kuna mtu anayelilia zabuni. "Sasa mbona unafungua kurasa nzima nzima? Na mimi nilikuwaga hivyo hivyo, bando likawa linaishaga bila faida. Weka RSS kwenye simu. Blogu na tovuti nyingi ziko na mlisho, ni anuani fulani wanakowekaga maandishi mapya, makavu, bila mapambo. Unaipa programu ile anuani, inapita yenyewe inakusanya, wewe unakuta tu yamefika."

"Kama barua."

"Kama barua. Na unasoma hata mtandao ukiwa umekata. Mwenye blogu mwenyewe hata hajui kama umesoma."

Nilimwomba arudie hilo la mwisho, akarudia. Mtandao na bando ni kweli vilinisumbua, lakini nisijidanganye: lililonivuta ni hilo. Ningekuwa na mdogo wangu nyumbani, jioni, mezani kwangu, na yeye asijue. Heshima yangu ingebaki palepale nilipoiweka.

Kuchagua programu kulinichukua wiki mbili, na nilifanya hivyo kwa umakini ambao sijawahi kuuonyesha katika kununua hata kitanda. Ya kwanza ilikuwa na mdomo. Niliipa anuani moja tu, ya mdogo wangu, ikaamua mimi ni mpweke na inapaswa kunitafutia marafiki. Kila asubuhi iliniletea mpira, ndoa za waigizaji na dawa ya kupunguza tumbo. Ilikuwa sahihi kuhusu upweke, lakini nilikereka kuambiwa na simu. Nikaifuta.

Ya pili ilikuwa nadhifu mno. Ilitaka nijisajili, nitunge neno la siri lenye herufi kubwa na alama, nithibitishe kwamba mimi si mashine. Tena iliyatunza maandishi huko kwake, si kwenye simu yangu. Hapa Butiama kuna jioni mtandao hauji kabisa, na mara tatu niliifungua nikakuta duara linazunguka tu. Jalada lisilopatikana siku unayolihitaji halina tofauti na jalada lililopotea. Nayo nikaifuta.

Ya tatu ilikuwa kidude kidogo kilichotengenezwa na watu wa kujitolea, bila matangazo, bila usajili, na rangi zake mbaya. Nilibandika anuani, ikauliza kila baada ya muda gani ipite kukusanya, nikachagua asubuhi na jioni. Ilihifadhi maandishi ndani ya simu. Iliyapanga kwa tarehe, jipya juu, na pembeni ya kila jina ikaweka idadi ya yasiyosomwa. Haikushauri kitu. Ilikaa kimya ikisubiri kama mhudumu mzuri wa masijala, na nikajua nimepata yangu.

Nikaipanga kikazi. Nilifungua jalada la Hali ya Hewa, jalada la Matangazo, nikatafuta kweli tovuti mbili za zabuni ili nisiwe mwongo kabisa, na jalada la tatu nikaliita Nyumbani. Ndani ya Nyumbani kulikuwa na mlisho mmoja. Mwenzangu wa TEHAMA alipoona nimeelewa, alifurahi, akaiondoa ile kompyuta nzee na kuniletea nyingine. Nzee ikaenda stoo. Nami sikuwa na sababu tena ya kufunga mlango siku ya Ijumaa, nikaanza kwenda kula na wenzangu.

Miezi hiyo nilikuwa na raha ya ajabu. Nilirudi nyumbani, nikawasha redio, nikapika, nikaketi na sahani, nikafungua Nyumbani. Ikiwa imeandikwa 1, nilikula polepole. Nilimsoma kwa sauti wakati mwingine, nikamjibu, nikamkosoa. Aliandika kwamba mama alitia chumvi kabla ya nyanya, nikamwambia, "Baada, mtoto wewe, baada." Kuta zilisikia. Ikiwa hakuna namba pembeni, nilisoma ya zamani. Nilijiona karibu naye kuliko wakati wowote tangu msiba, na nilikuwa nikizungumza peke yangu juu ya ugali wa muhogo.

Halafu maandishi yakakatwa. Jioni moja ilikuja 1, nikafungua, nikakuta mistari mitatu tu, kisha maneno Endelea kusoma. Kubonyeza hapo kulikuwa kunakutoa kwenye programu na kukupeleka kwenye blogu yenyewe. Nikadhani ni hitilafu. Wiki iliyofuata, mistari mitatu tena. Nikamuuliza mwenzangu, bila kutaja ni blogu ya nani, akasema si hitilafu.

"Ni mwenye blogu ameamua, mama. Wanafanyaga hivyo ili watu waingie, wahesabiwe."

Nilikasirika. Niliona mdogo wangu amekuwa mtu wa kutafuta kuhesabiwa, wa kuita watu dukani. Nikasema siingii. Kama ana la kuniambia anajua nilipo, na anajua nani anapaswa kuanza. Kwa wiki sita nilisoma mistari mitatu mitatu, nikaiwekea alama ya kusomwa, nikaosha sahani. Sikubonyeza hata mara moja. Ni vidole vyangu mwenyewe, na nilivizuia.

Wiki ya saba nilitumwa Musoma kupeleka bahasha za ofisi. Nilimaliza mapema, nikashuka Mwigobero, nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa ambapo unaliona ziwa katikati ya mapipa na wauza sangara. Mtandao wa pale una nguvu, na simu ikakusanya bila mimi kuigusa. Nyumbani ikaonyesha 1. Mistari mitatu ilisema: "Leo nafunga jiko hili. Kwa muda mrefu nilikuwa napika kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo". Kisha Endelea kusoma.

Nikabonyeza.

"Na mtu huyo ameacha kuja," aliandika. "Blogu humwonyesha mwenyewe wageni wake. Majina haionyeshi, lakini nchi inaonyesha, na saa, na aina ya mashine. Nilikuwa na mgeni mmoja kutoka Tanzania aliyekuja kila Ijumaa, saa saba kasoro za huko, kwa kompyuta ya mezani yenye programu ya zamani ambayo sidhani kama kuna ofisi nyingine duniani bado inaitumia. Alisoma mpaka chini. Namjua mtu mmoja tu ambaye ofisi yake hutulia saa hiyo. Ijumaa nilikuwa nakaa na chakula changu kazini bila kukigusa, nikichungulia kama amefika. Akifika, nakula. Halafu akaacha. Nikadhani anaumwa, nikauliza Mugeta, wakasema mzima. Nikadhani labda anasomea mahali nisipomwona, nikayakata maandishi ili alazimike kuingia, na chini kabisa ya kila andiko nikamwekea salamu. Wiki sita. Hakuingia. Basi nimeelewa, na simlaumu. Hii ni ya saba. Shikamoo, dada."

Nilikaa pale ngazini. Mtu mmoja aliniuliza kama duka litafunguliwa, nikamwambia sijui, mimi si wa hapa. Kisha nikarudi nyuma, andiko moja moja, nikibonyeza palepale ambapo nilikuwa nimekataa kubonyeza. La kwanza lilikuwa juu ya dagaa. Chini yake: Shikamoo, dada. La pili juu ya mvua. Shikamoo, dada. Yote sita, mpaka chini, pale ambapo mistari yangu mitatu haikufika. Mtoto aliyelelewa kwetu akikuamkia ukapita bila kuitikia, watu husema umemkataa hadharani. Mimi nilikuwa nimempita mara sita, na kila mara nikaweka alama ya kusomwa.

Nimegonga muhuri nakala za watu nisiowajua, wagomvi, walevi, wanaodai mipaka ya mashamba yaliyouzwa na babu zao. Sijawahi kumrudisha mtu bila nakala yake. Barua za mdogo wangu nilizipokea miezi yote ile, nikazisoma, nikazipanga vizuri kwenye jalada, na sikumpa hata alama ya kalamu. Tena programu niliichagua kwa sababu hiyo. Nililia pale Mwigobero, na safari hii hapakuwa na majalada ya kusingizia.

Ningeweza kumwandikia papo hapo. Chini ya kila andiko kulikuwa na sehemu ya maoni. Lakini nilitaka ajue ni mimi bila shaka yoyote, na kwa akili yangu ya masijala niliona barua lazima itoke kwenye ofisi ile ile iliyopokea. Nikamwendea mwenzangu wa TEHAMA nikamwomba kompyuta nzee itolewe stoo.

"Mama, ile si tuliiondoa? Unaitakia nini tena?"

"Kuandika maoni kwenye blogu."

"Si uandike kwa simu, dakika moja tu?"

"Kwa simu hatanijua."

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza yote, mkeka, ndege, Ijumaa, na matangazo ya zabuni ambayo hayakuwa ya zabuni. Nilitarajia anicheke, maana kucheka ndiyo kawaida yake. Alisema tu, "Pole, mama," akaenda stoo, akairudisha ile mashine ameibeba ubavuni kama mtoto, akaipangusa kwa upande wa khanga yake.

Ijumaa, saa saba kasoro, nikafunga mlango. Mashine ilichukua muda mrefu kuamka. Ilinionya kwamba imepitwa na wakati, nikabonyeza Baadaye. Mara mbili ilikataa kufungua blogu, mara ya tatu ikakubali. Sikukimbilia maoni. Kwanza nilisoma maandishi yote saba, polepole, kuanzia juu mpaka kwenye salamu, ili kama kuna saa inayohesabu huko, ihesabu. Kisha chini ya la kwanza nikaandika: Marahaba. Chini ya la pili: Marahaba. Sehemu ya jina nilijaza Masijala. Nilifanya hivyo mara saba, na kila mara blogu ilijibu kwamba maoni yangu yanasubiri idhini ya mwenyewe.

Chini ya andiko la mwisho niliandika jingine, la nane. Niliandika kwamba nilipaswa kumsubiri usiku ule. Kwamba mzee mmoja aliniuliza kama nina hakika, na sikuwa nayo. Kwamba namba yangu ni ile ile na Ijumaa ni ile ile. Nikatuma kabla sijaanza kuyapanga maneno vizuri, maana najijua, ningeyapanga mpaka Ijumaa nyingine.

Maoni nayo huwa na mlisho wake. Mwenzangu ndiye aliyenionyesha anuani yake, na kunieleza kwamba maoni hayaingii humo mpaka mwenye blogu ayakubali kwa mkono wake. Nikauongeza kwenye simu, ndani ya jalada la Nyumbani. Jumamosi pembeni yake hapakuwa na namba. Jumapili hapakuwa. Nilibadilisha, badala ya asubuhi na jioni ikawa inapita kila saa, na kila saa ilikwenda na kurudi mikono mitupu. Wiki nzima ilipita hivyo. Ijumaa ilipofika nilifunga mlango, nikasoma yote saba tena kwa ile mashine, nikafungua mlango. Jioni nilipika, na redio sikuiwasha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Bunda kufagia nyumba ya mama. Haina mtu, hufungwa mwezi mzima, na kila nikifungua nakuta mchwa wamejenga njia mpya kwenye mlango wa jikoni. Nilikuwa nimeshika fagio simu ilipotetemeka. Nyumbani ilionyesha 7.

Niliketi kwenye kigoda chake kabla ya kufungua. Nilitegemea maneno yake. Hayakuwa yake, yalikuwa yangu mwenyewe. Masijala: Marahaba. Masijala: Marahaba. Yote saba, yamerudi kwangu kutoka Ujerumani, bila hata neno lake moja juu yake. Lakini yasingerudi kama mtu hakuyafungua moja moja na kuyapitisha. Nilikuwa nimeshika nakala zangu, zimegongwa.

La nane halikuwemo. Nilishuka mpaka chini, nikapandisha tena, nikaiambia programu ipite upya. Halikuwemo. Katika kazi yangu barua ya siri haiingizwi kwenye jalada la wazi, mwenyewe huichukua akaitunza kwake, na inawezekana amefanya hivyo. Inawezekana pia ameisoma na kuikataa, na ana haki. Sijui ni lipi. Nilimaliza kufagia, nikafunga mlango, nikarudi Butiama.

Nimeandika haya Alhamisi. Kesho saa saba kasoro nitakuwa masijala, mlango nimeufunga, ile mashine inawaka, na simu ipo mezani.